Beseni Chini ya Blanketi

Eliza alirudi jikoni akakuta beseni la unga halipo.

Alikuwa ameukanda unga wa ngano kwa hamira, chumvi na vitunguu, akauacha uumuke. Lakini baridi ya Mbinga haina huruma. Tangu asubuhi unga ulikuwa umelala tu, hauinuki. Naye aliutaka mno mkate huo, kwani mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea kutoka Liparamba, alikuwa hajasifu chakula chake hata kimoja, na kesho alikuwa anaondoka.

Alilitafuta beseni uani, hakuliona. Akagonga mlango wa chumba cha wageni.

"Ingia upesi, ufunge mlango!" mama mkwe aliitikia. "Baridi itamwingia."

Alikuwa amejilaza, blanketi hadi kidevuni, amekumbatia kitu kikubwa. Akalifunua blanketi kidogo. Unga ulikuwa umeumuka mpaka ukafurika beseni, na kipande kimemnata kwenye kiwiko.

"Mama! Umelala na unga wangu?"

"Ulikuwa unatetemeka, mwanangu. Ningefanyaje?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Waliuoka pamoja kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Ulipoiva, mama mkwe hakungoja upoe. Alimega ganda la kahawia, mvuke wa vitunguu ukampanda usoni, akatafuna huku amefumba macho.

"Kesho," akasema, mdomo umejaa, "tunakanda saa ngapi?"