Njano Ndani ya Fufu

Mahali mvua ilipopenya ufa wa plake yetu, lile bamba la sola, weusi wake ulikuwa umegeuka njano kama usaha. Esdras, fundi aliyetuuzia hapa Ntoto, aliitazama akacheka.

«Usiogope, Mama. Mule ndani tulichanganya dawa. Inashika sumu, haiwezi kutoka.»

Sumu! Siku ya kuuza hakulitaja neno hilo. 

Nilimkaribisha mezani, nikamwekea bonge la fufu, ugali wa muhogo, lenye chembe za njano.

«Muhogo wangu naanikaga juu ya ile plake, Papa. Iko na moto kushinda mukeka. Kula.»

Alikuwa amekwisha kunawa. Akaliangalia bonge, kisha akajifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

Kando ya bonge hilo zilikuwa sahani za watoto wangu, zimelambwa zote.