Kengele ya Emmett Rusk

Siku ya kuwakumbuka wazimamoto waliokufa, Mkuu Voss alikunja karatasi yake ya majina, na jina la Emmett Rusk hakulisoma.

Leland, mwanawe Emmett, aliganda kwenye mstari wa zimamoto, macho kwenye kengele ya shaba mlangoni pa kituo. Siku hizi wazimamoto huitwa motoni kwa redio za kiunoni. Kengele imebaki ya wafu tu. Wawili walikuwa wameshapigiwa, kila mmoja mara tano, tano, na tano tena, kumwambia kazi imekwisha, arudi nyumbani.

Tangu majira ya baridi Leland alikuwa akimwomba Voss baba yake naye apigiwe. Voss hakutaka kusikia. Kengele ni ya waliokufa motoni, alisema, na Emmett alifia kitandani. Leland akamjibu kwamba moshi ulioua mapafu yale haukutoka kitandani. Ikaishia hapo. Wenzake nao wakamcheka, eti anadai kengele kama mtoto anayedai peremende.

Mama yake, Verna, hakungoja hotuba. Alijitoa kwenye viti vya wajane akaingia ndani ya kituo, leso mdomoni. Leland alijua anakwenda kulia peke yake.

Voss alikuwa bado anawashukuru wageni kengele ilipolia.

Watu wakageuka. Verna alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, anavuta, nywele zimemtimka. Hapakuwa na tano wala nini, ni kuvuta tu. Mdomo ulikuwa ukienda, lakini nani angemsikia mbele ya shaba ile?

Leland akasimama wima. Akapiga saluti.

"Basi na apigiwe mzee wetu," akanong'ona Duane kando yake, yule aliyemtania kuliko wote, naye akainua mkono. Mstari mzima ukafuata. Voss alisitasita, akamtazama mjane yule anavyohangaika na kamba, mwishowe na yeye akapeleka mkono kwenye kofia.

Hakuna aliyetikisika. Kengele ililia hadi mabega yakawauma, na Leland, machozi yakimchuruzika, akaona hakuna marehemu wa mji huu aliyewahi kupewa heshima kama ile.

Hatimaye Verna akaiachia kamba. Akawatazama wanaume wote wale, wima kama nguzo.

"Mnampigia nani saluti?" akauliza, sauti imemkauka. "Jikoni kwenu kunaungua."