Nyumbu Aliyetaka Kula wa Kwanza

Kila mwaka Bi Nyumbu alisafiri na jirani yake, Bi Pundamilia, kufuata mvua, na kila mwaka jambo moja lilimkera: Pundamilia hutangulia kula, yeye hufuata nyuma.

Mwaka huo akapanga safari yake kimyakimya.

"Naondoka siku tatu kabla yake," alimwambia Swala. "Nimechoka na makombo."

"Umemuaga lakini?"

"Nimuage anifuate?"

Akafika peke yake. Kweli, majani hayakuwa yameguswa na mtu. Yalimfika kifuani, yamekomaa, magumu kama fito. Nyumbu, ambaye mbele hana meno ya juu, alihangaika na bua moja asubuhi nzima, mwishowe akalitema. Siku ya nne alikuwa hana hata nguvu ya kufukuza nzi.

Ndipo Pundamilia akatokea, vumbi tupu.

"Jirani! Kumbe uko hapa! Nimezunguka kule kote nikikutafuta, nikadhani simba kashakula."

Akainama, akaanza kuyakata yale mabua kwa meno yake ya juu na ya chini. Kila alipopita, chini yalibaki majani mafupi, mabichi, laini. Ndiyo yale makombo. Nyumbu akala huku machozi yakimtoka.

"Ahsante, jirani," akasema.

"Ya nini tena? Mimi si nakula tu?"

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kujikusanya, Nyumbu alidamkia kwa Pundamilia.

"Safari nimeshaipanga," akasema. "Wewe mbele."