Kiganja Kwenye Kioo

Kila Ijumaa alasiri, Bi Sikudhani, fundi cherehani aliyefiwa na mume, alitazama tamthilia ya chombo cha angani pamoja na jirani yake, Mwalimu Mbaruku. Siku hiyo nahodha alimwachia daktari wake mtungi wa mwisho wa hewa, akaweka kiganja kwenye kioo kilichowatenganisha, kisha akaondoka bila neno.

"Anampenda," alisema Bi Sikudhani.

"Hapana. Nahodha yeyote angefanya hivyo. Ni kazi tu."

Bi Sikudhani alinyong'onyea. Kisha akajikaza. "Na wewe, Mwalimu, kila Ijumaa unakuja hapa kwa ajili ya nini?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati kwa muda mrefu. "Ile televisheni yangu niliyokwambia imeharibika," alisema, "ilitengenezwa tangu mwezi wa tatu. Niliona haya kukuambia."

Bi Sikudhani alishusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi na nahodha naye anaona haya!"

"Huenda," Mwalimu alikubali, naye akicheka.

Majina ya waigizaji yalipita yakaisha, taarifa ya habari ikaanza, na hakuna aliyeinuka.