Maana ya Headway

"Rudia tena, Bwana Faruk."

"No headway, sir," Faruk alisema, jasho likimtoka. "No headway at all."

"Vizuri sana," Coleta alimjibu.

Ilikuwa siku ya tano mfululizo mfanyabiashara huyo kufika nyumbani kwa Coleta, mwalimu wa Kiingereza pale Sumbawanga. Mzungu wa shirika lililokuwa likigawa mashine za kukamua alizeti alikuwa njiani kuja kukagua jengo ambalo Faruk alitakiwa kulijenga ili apewe mashine aliyoiomba. Barua yake iliuliza jambo moja: headway imefikia wapi?

"Mengine utanitafsiria, mwalimu. Ila hilo nataka kulijibu mwenyewe."

"Headway ni hitilafu," Coleta alimweleza. "Akiuliza kama ipo, kana kabisa."

Headway ni maendeleo. Coleta alilijua vizuri, na alijua anachokifanya.

Biashara ilipoachiwa huru, Faruk aliinunua mashine ya kusaga ya akina mama wa kijiji cha Pito, akaing'oa na kuihamishia mjini. Tangu hapo mama yake Coleta, Cornelia, akawa anabeba mahindi kichwani hadi mjini. Masika ya mwaka jana aliteleza kwenye mteremko, debe likamwangukia shingoni. Hakuinuka tena. Msibani Faruk alituma kilo mbili za sukari.

Siku ya ukaguzi walikwenda wote watatu hadi Chala, kwenye kiwanja cha Faruk. Hapakuwa na jengo. Palikuwa na msingi tu, nyasi zimeota hadi kiunoni.

Mzungu aliuliza swali lake. Faruk alitoa kifua mbele.

"No headway, sir! No headway at all!"

Mzungu alimtazama, akazitazama nyasi, akafungua daftari na kuandika. Faruk alikuwa akitabasamu kama bwana harusi. Coleta aliuma midomo asije akacheka. Hilo la kwanza, mama, alisema moyoni.

Mzungu alifunga daftari. Akazungumza kwa kirefu, kisha akampa Faruk mkono na kumgeukia Coleta amtafsirie.

Coleta aliinamisha macho kwenye nyasi.

"Anasemaje, mwalimu?" Faruk aliuliza.

"Anasema," Coleta alianza, "wenzako wanane wamemwonyesha misingi kama huu, wakamwapia kwamba maendeleo ni makubwa. Anasema mashine ni yako, kwa sababu ni wewe peke yako uliyemwambia ukweli."