Kiti cha Usukani

Verlene mwenyewe alinisimulia haya kiangazi kilichopita, tukipukuchua kunde barazani kwangu.

Mume wake alipofariki alimwachia boti ya kuvulia samaki, ile ya mbio, injini ya nguvu za farasi mia mbili na hamsini. Shemeji yake akaitaka.

"Hebu vuka ziwa hili kwa mwendo kamili, shemeji. Ukitoa mguu kwenye pedali ya mafuta njiani, boti naichukua mimi."

"Basi panda, na ushike kofia yako," Verlene akamjibu.

Miaka ishirini alikuwa amekaa kiti cha abiria. Siku hiyo akashika usukani. Boti ikainua pua, ikawa inagusa maji kwa mkia tu. Mara ikaanza kwenda mrama, kushoto, kulia, kila mara ikizidi.

"Toa mguu kwenye mafuta! Utatuua, mwanamke wewe!"

Mguu ulitaka kuachia pedali. Hapo akaukumbuka mkono wa mumewe juu ya usukani, ulivyokuwa ukitetemeka safari nzima, na yeye akimtania, "Punguza kahawa, mzee wangu." Kumbe haukuwa ukitetemeka. Ulikuwa ukiirudisha boti, kidogo kidogo, kabla haijalala upande.

Akauacha mkono wake nao ucheze vile vile. Boti ikanyooka.

Walipofika ng'ambo, shemeji alishuka, akaenda zake. Verlene akajinyoosha palepale juu ya zulia la boti, jua likimpiga miguuni, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.