Nguchiro na Nyuzi Nyeupe

Alikuwepo Nguchiro mmoja aliyependa usafi kuliko chakula. Siku ya kupanda nyanya aliona mizizi ya miche yake imeshikwa na nyuzi nyeupe, akaanza kuzisugua.

"Hiyo ni kuvu ya heri, dada," alisema jirani yake, Fuko. "Iache."

"Kuvu ni uchafu, kaka. Wanangu hawali uchafu."

Fuko akamsihi aache japo mche mmoja na nyuzi zake, naye akakubali ili asisumbuliwe zaidi.

Mvua zikakatika. Shamba zima likanyauka, lakini mche ule mmoja ukazidi kuzaa, na watoto wakala hapo tu. Nguchiro akaona haya, akamfuata Fuko hadi ndani ya shimo lake. Huko chini aliona nyuzi zile zimeipita mizizi mbali sana, zimepenya nyufa ambazo hata unywele haupiti, zikiuletea mche maji.

"Zimefanya kazi hii tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu kabla ya babu zetu."

Nguchiro akachota taratibu udongo wenye nyuzi zile, akaupeleka kwenye kitalu cha miche mipya. Watoto walipomwuliza amebeba nini, akawaambia kwanza washushe sauti.